Kabla ya kuchambua, mwanafunzi apewe cha kuchambua

Tangu mtaala wa kujenga umahiri uingie shuleni Tanzania mwaka 2005, na zaidi baada ya mtaala ulioboreshwa kuanza kutekelezwa 2024, mwalimu anayesimama ubaoni na kueleza kwa robo saa amekuwa mtu wa kuonewa huruma. Andalio lake la somo lisipotaja vikundi, huhesabiwa kuwa hajaelewa nini maana ya fikra tunduizi, yaani kuchambua na kupima hoja badala ya kukariri.

Wanaomkosoa wana hoja. Darasa linalonakili notisi kuanzia Januari hadi Novemba halijifunzi kufikiri, na ile ahadi ya "tutachambua wakishajua vya kutosha" huwa haitimizwi, kwa sababu mada inayofuata inasubiri na mtihani unakaribia. Tena orodha ya viwango vya kufikiri ya Benjamin Bloom ya mwaka 1956, kuanzia maarifa kwenda juu, si ngazi ya kupandwa kidato kwa kidato. Mtoto wa darasa la tatu hulinganisha majani mawili vizuri tu kabla hajajua majina ya sehemu zake.

Lakini mwalimu wa maelezo anashikilia jambo ambalo wakosoaji hulipita haraka: mtu huchambua kwa kile anachokijua. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Micheline Chi na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walipewa maswali ya fizikia wayapange kwa mafungu. Wanaoanza somo waliyapanga kwa sura, ya kapi huku na ya mteremko kule. Wabobezi waliyapanga kwa kanuni inayoyatatua. Walioanza hawakupungukiwa akili, walipungukiwa fizikia, na hakuna mjadala wa kikundi ungewapa fizikia ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa nayo.

Halafu kuna hesabu ya muda, ambayo waandaaji wa semina za walimu hawapendi kuifanya. Darasa la wanafunzi 70, vikundi 10 vya watu saba, kila kikundi kiwasilishe kwa dakika 3: hizo ni dakika 30 kati ya 40 za kipindi. Zinabaki 10 za utangulizi, kusogeza madawati, kugawa karatasi za manila na kujadiliana kwenyewe. Tuseme majadiliano yapate dakika 7. Ndani ya kikundi huongea mmoja kwa wakati, kwa hiyo fungu la kila mtoto ni dakika moja, iwapo wawili wasemaji hawajaimaliza yote. Kisha anakaa nusu saa akisikiliza vikundi vinavyorudia jibu lile lile. Wakijadili wawiliwawili, nusu ya darasa inaongea kwa pamoja na hakuna dawati linalosogezwa. Mtu akiitazama hesabu hii, haoni kwa nini kikundi kikubwa kimegeuzwa kuwa alama ya ufundishaji bora.

Kinacholeta fikra ni swali, na swali huandikwa kabla ya notisi. Tuchukue uvukizaji, sayansi ya darasa la sita. Swali: "Mwenye shamba la chumvi Bagamoyo ana mabwawa yenye kina cha sentimita 10. Jirani anamshauri ayachimbe yafike 20 ili avune mara mbili. Akubali?" Saa mbili kabla ya kipindi, mililita 50 za maji zinawekwa kwenye sahani na nyingine 50 kwenye chupa ya soda, zote juani. Kipindi kinaanza kwa dakika 5 za maswali ya somo lililopita, kisha dakika 12 za maelezo ya wazi: joto, upepo, ukubwa wa uso wa maji, huku sahani na chupa zikionekana. Dakika 3 kila mmoja anaandika jibu lake kimya, 5 za wawiliwawili, 12 za darasa zima, na 3 za kuandika upya jibu la mwanzo.

Somo hili huharibikia kwenye zile dakika 12 za darasa zima. Mwanafunzi anasema "akubali, maji mengi, chumvi nyingi", na mwalimu anamsahihisha papo hapo. Jibu hilo ni nusu kweli. Kila mita ya mraba, kina cha sentimita 10 ni lita 100, na maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita: kilo 3.5. Kina cha 20 ni kilo 7. Mwalimu aulize tu, "Kwa siku ngapi?" Yakipungua milimita 5 kwa siku, bwawa la kwanza linakauka siku ya 20, la pili siku ya 40. Kwa siku, mavuno ni yale yale! (Kasi hushuka maji yanapokolea chumvi, ila kwa darasa la sita hesabu hii inatosha.) Sasa ndipo hoja inapoanza: mvua ikinyesha siku ya 25, nani ameshavuna? Na baada ya kuuliza, mwalimu anyamaze. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliona walimu husubiri kama sekunde moja tu, na waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wengi zaidi wakajitokeza.

Hakuna hatua hapo ambayo ingefanikiwa bila yale maelezo ya dakika 12. Asiyejua kwamba, joto na upepo vikiwa sawa, ukubwa wa uso ndio unaoamua kasi atabaki kubahatisha kati ya kukubali na kukataa.

Wakosoaji wanastahili kusikilizwa kwenye tathmini. Swali la mabwawa likirudi kwenye jaribio la mwezi limeshakuwa la kukariri, hata likianza na neno "chambua". Jaribio lidai tukio jipya lenye kanuni ile ile: dagaa waliorundikwa na waliotandazwa, au shuka iliyoanikwa ikiwa imekunjwa mara nne. Kutunga matukio ya namna hii kwa kila mada kunamshinda mwalimu mmoja mwenye vipindi 25 kwa wiki. Walimu wanne wa somo moja katika kata, kila mmoja akitunga mawili kwa mwezi na kubadilishana, wanapata manane.