Ukirudi Zamani, Utafika Ukiwa Nani?

Mara moja kwa mwezi, maktaba ya mtaa wetu hapa Glasgow huchemsha chai, hutoa biskuti, na watu kama kumi tukakaa kubishana juu ya riwaya. Mzanzibari ni mimi peke yangu, na aghalabu nafika nikisinzia kwa sababu nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Safari iliyopita tulisoma Outlander ya Diana Gabaldon: muuguzi wa Kiingereza, Vita Kuu ya Pili imekwisha juzi tu, anagusa jiwe karibu na Inverness na kuzinduka mwaka 1743.

Biskuti hazijazunguka, watu walishashikana. Mwalimu mmoja mstaafu anaipenda kwa milima yake na mahaba yake, basi. Kijana aliyesoma historia akawaka: mwandishi ni Mmarekani, aliianza kabla hajakanyaga Scotland, na huyo muuguzi anazoea haraka mno, utadhani mwaka 1743 chawa walikuwa bado hawajaumbwa. Bibi mmoja wa kaskazini akasema yeye haimalizi, kwa kuwa anajua inakoelekea: Culloden, walikoangamizwa watu wa milima ya Scotland tarehe 16 Aprili 1746, vita ambavyo havikufika hata saa nzima. Na leo wasomaji wanakwenda pale kuweka maua kwenye jiwe la ukoo wa Fraser kwa ajili ya shujaa wa riwaya hii, mtu wa kubuni. Yeye hilo linamkera. Mimi nilimwelewa.

Kisha ukaja ule mchezo: ungepewa nafasi, ungekwenda mwaka gani? Huyu Paris ya 1920, yule London ya Shakespeare. Ilipofika zamu yangu nikasema sijui, nikanywa chai. Lakini njia ya kurudi kwangu inapita Virginia Street na Jamaica Street, na majina hayo hayakuletwa na upepo. Yaliletwa na tumbaku na sukari ya jasho la watumwa. Mpaka 1778, mtumwa Joseph Knight aliposhinda kesi ya uhuru wake mahakamani Edinburgh, Mwafrika aliyeletwa hapa na bwana wake hakuwa na hakika kama sheria inamwona mtu au mali. Sasa mimi nishuke Glasgow ya 1770 nikatalii nini?

Ndiyo maana kwangu riwaya ya kweli ya namna hii ni Kindred ya Octavia Butler, ya 1979. Dana, mwanamke mweusi wa California mwaka 1976, anavutwa hadi Maryland ya watumwa bila kuombwa ridhaa. Mumewe ni mzungu, na safari moja wanakwenda pamoja. Mume anatazama huku na huku, anaona ni zama nzuri za kuishi, angependa kwenda kuiona Magharibi inavyojengwa. Dana anamkumbusha Wahindi Wekundu wanafanywa nini huko. Mwaka ni mmoja, kitanda ni kimoja, lakini kila mtu amefikia mahali pake. Nimewasikia wanaolalamika kwamba kitabu hiki hakina raha. Raha ya nani?

Nyumbani nililitupa swali lile kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Binamu yangu akarukia enzi za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar: maji ya mfereji yameingia mjini, taarabu inatoka Misri, jumba la Beit al-Ajaib linajengwa. Mwengine akamjibu, “Na soko la watumwa la Mkunazini je? Barghash alitawala miaka mitatu likiwa wazi, mpaka 1873. Wewe ungeingilia mlango gani?” Pakawa kimya. Ukoo wetu, kama koo nyingi za Unguja, una mababu wa kila mlango. Mtu akaleta picha ya urojo, mazungumzo yakaishia hapo. Na 1964, mwaka wa Mapinduzi, hakuna aliyeitaja.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona. Huku zamani ina tarehe kwenye jalada na duka la zawadi mlangoni, hata yule bibi wa kaskazini anapigania peke yake isiwe hivyo. Kwetu hadithi husema “hapo zamani za kale” na mwaka hautajwi, labda kwa sababu mwaka ukitajwa tu, kuna mtu barazani atakayekunja uso. Hata hivyo natamani mwandishi wetu athubutu. Muuza vitenge wa Darajani ajikute Kilwa mwaka 1331, Ibn Battuta ndiyo kwanza anashuka chomboni, na mpaka ukurasa wa hamsini sisi wasomaji tusijue kama dada huyu atakaribishwa na Sultani au atatwishwa mtungi.

Jumapili nilimpigia shangazi yangu Ng'ambo. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza naye.

“Nirudi zamani? Nikafikie kwa nani, mwanangu?”

Nikamsimulia habari za Dana, nusu tu, salio likakatika. Jana akapiga mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kamwe.

“Yule mwanamke wako alifika kwao?”

“Alifika, shangazi. Lakini mkono wake mmoja ulibaki ukutani.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.