Balbu imewaka. Halafu?

Chukua betri, balbu na ammita mbili, yaani mita za kupimia mkondo wa umeme. Ammita moja iweke kabla ya balbu, nyingine baada yake. Kabla hujafunga swichi, waulize wanafunzi wa sekondari mita hizo zitasoma nini. Wengi watakuambia ya pili itasoma kidogo, kwa kuwa balbu imeshakula sehemu ya umeme. Funga swichi. Balbu inawaka, na mishale ya ammita zote mbili inasimama mahali pamoja. Hapo ndipo pa kutega sikio. Wachache watanyamaza, wakunje uso, waanze kujiuliza. Wengine watasema ammita ya pili ni mbovu. Na hawatakosekana wa kuandika daftarini kwamba jaribio limefaulu, maana balbu si imewaka?

Ugomvi mzima kuhusu kujifunza kwa vitendo umo juu ya meza hiyo moja. Anayevitetea vitendo atakuonyesha wale walionyamaza: hakuna maneno ya mwalimu ambayo yangewatikisa vile. Anayevitilia shaka atakuonyesha wale wa "balbu imewaka": dakika arobaini zimepita, vifaa vimetumika, na dhana potofu imetoka darasani nzima kama ilivyoingia. Wote wawili wameona sawasawa.

Hoja yenyewe si ya jana. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, na watoto wakawa wanapika, wanashona na kuchonga mbao, hesabu na sayansi zikifuata humo humo. Mwaka 1918 mfuasi wake, William Heard Kilpatrick, akaitangaza mbinu ya kufundisha kwa miradi. Tangu hapo kila kizazi cha walimu huligundua upya wazo hili na kulipa jina jipya. Kinachosahauliwa ni kwamba Dewey mwenyewe, kufikia 1938, alikuwa ameshaonya kuwa si kila jambo analolipitia mtu humfundisha, mengine humpotosha. Wanaomtaja sana leo wangelisoma onyo hilo, nusu ya mjadala huu ingekuwa imekwisha.

Tuanze na upande wa vitendo, tukichukua hoja zake zenye uzito. Ile ya kwamba wanafunzi "hufurahia" naiacha pembeni. Wanafurahia, ni kweli, lakini hata kengele ya kwenda nyumbani wanaifurahia.

Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba yapo mambo ambayo maneno hayayafikishi. Kufunga koki ya bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, kwenye tone lile lile ambalo rangi inabadilika, kulenga hadubini hadi ukungu ugeuke kuwa seli, kujua kwa mguso kwamba skrubu imekaza vya kutosha na ukiongeza utaivunja: hakuna aliyewahi kuyapata haya kwa kusoma. Na zaidi ya ufundi wa vidole kuna jambo la vipimo, ambalo mimi naliona ndilo kiini.

Tundika jiwe dogo kwenye uzi wa mita 1 na ulibembeze kidogo. Kwenda na kurudi litachukua takriban sekunde 2. Fupisha uzi uwe sentimita 25, yaani robo, na muda hautakuwa robo bali nusu: takriban sekunde 1. Weka jiwe zito mara tatu, na muda utabaki vilevile ilmradi urefu haujabadilika. Haya yote mwalimu anaweza kuyaandika ubaoni kwa dakika tano, na mtihani ukija yatajibiwa vizuri. Kisichoandikika ubaoni ni vikundi sita kupima uzi uleule na kurudi na majibu sita.

Mwanafunzi anaona jambo ambalo kitabu kilimficha: kipimo hakiji peke yake, huja na wasiwasi wake. Kidole chake kwenye saa huwahi au huchelewa, tuseme kwa sekunde 0.2. Akipima mbembeo mmoja wa sekunde 2, kosa hilo ni asilimia 10. Akihesabu mibembeo 20, sekunde 40 hivi, kisha akagawanya, kosa lilelile la kidole linashuka hadi asilimia 0.5. Hajabadilisha saa wala kidole. Amebadilisha akili ya kupima. Mtu aliyewahi kubishana na wenzake kwa nini majibu yao hayalingani huisoma takwimu yoyote baadaye kwa jicho jingine. Sijaona mhadhara unaofanya kazi hiyo.

Upande wa pili nao hauna mchezo. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyowaudhi wengi, wakidai kwamba kumwachia mgeni wa somo agundue mwenyewe, kwa mwongozo hafifu, ni njia dhaifu ya kumfundisha. Sababu yao ni rahisi kuielewa. Akili inaposhughulikia jambo jipya hubeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayetafuta waya, anayesoma maelekezo, anayeogopa kuunguza kifaa na anayemsikiliza mwenzake, nafasi ya kufikiria mkondo wa umeme anaipata wapi? Mwanasayansi hugundua kwa kuchunguza kwa sababu tayari ana maarifa mengi kichwani. Kumpa mgeni kazi ya mwanasayansi hakumpi maarifa ya mwanasayansi.

Makala hiyo ilijibiwa, na jibu lilikuwa na haki yake: mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver na wenzake walisema kwamba kujifunza kupitia matatizo na uchunguzi, kukifanywa ipasavyo, kumejaa mwongozo. Ukitazama vizuri utaona pande hizi mbili hazikuwa zikibishana kuhusu mikono. Zilibishana kuhusu kiasi cha msaada.

Lakini pigo kubwa kwangu halikutoka kwenye nadharia. Watafiti Ian Abrahams na Robin Millar walikaa nyuma ya darasa katika vipindi 25 vya sayansi katika sekondari za Uingereza, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2008. Majaribio yalifanikiwa sana kuwafanya wanafunzi watende walichotakiwa kutenda kwa vifaa. Kuwafanya wazitumie dhana za kisayansi kueleza walichokiona kulifanikiwa kidogo mno. Walimu walipanga kwa makini kile mikono ifanye, na kile kichwa kifanye wakakiacha kijipange chenyewe.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye maabara ya shule anaijua hali hiyo. Karatasi ya maelekezo ina hatua kumi na moja, nawe unazifuata kama mapishi: mimina, koroga, pasha moto, andika rangi. Ukiulizwa katikati ya hatua ya saba unatafuta nini, huna jibu. Kikundi kina watu watano. Mmoja anafanya, mmoja anaandika, watatu wanapiga soga. Halafu linakuja lile la kupika matokeo. Kikundi kinapima mchapuko wa mvutano wa dunia, kinapata 9.2 mahali ambapo kitabu kinasema 9.8, na kwa kuwa alama zinafuata jibu la kitabu, kalamu inafanya miujiza. Hapo shule imefundisha kwa vitendo kweli: imefundisha kughushi.

Gharama na usalama nitavipitia haraka, si kwa kuvidharau bali kwa sababu havina ubishi. Vifaa huvunjika, kemikali huisha, mwalimu mmoja hawezi kuchunga mitungi kumi ya moto kwa wakati mmoja, na asidi kali humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Shule isiyoweza kuusimamia utaratibu wa namna hiyo ifanye jaribio mezani kwa mwalimu, wanafunzi wakitazama. Si aibu. Jaribio la mwalimu lililotanguliwa na swali zuri linaweza kufundisha kuliko vikundi kumi vinavyohangaika.

Programu za kuigiza majaribio kwenye kompyuta nazo zina nafasi yake, hasa kwa visivyoonekana kama mwendo wa elektroni. Tatizo lake ni kwamba waya wake haulegei, saa yake haikosei, na vikundi sita hupata jibu moja. Lile nililoliita kiini linapotea.

Kuna ushahidi mmoja unaotajwa mara kwa mara na watetezi wa vitendo, na nadhani unatumiwa vibaya. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 na kuonyesha kwamba katika kozi za sayansi, uhandisi na hesabu, wanaofeli kwenye mihadhara ya kawaida walikuwa karibu asilimia 34, na kwenye madarasa shirikishi karibu asilimia 22. Tofauti kubwa. Ila wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na "shirikishi" ilijumuisha maswali, majadiliano na kutatua matatizo kwa vikundi. Mtu anaweza kushiriki hivyo mikono ikiwa mfukoni. Kinachoshinda mhadhara pale ni mwanafunzi kulazimika kufikiri na kusema alichofikiri, na hilo ndilo linalokosekana kwenye karatasi ya hatua kumi na moja.

Na hisia za wanafunzi si mizani ya kuaminika. Utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake pale Harvard, uliochapishwa 2019, ulikuta wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa wakidhani wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mtamu, ilhali mtihani ulisema kinyume. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mtu huusoma kama kutoelewa. Kwa hiyo darasa lililochangamka si lazima limejifunza, wala lililonuna si lazima limepoteza muda.

Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua vitendo, lakini vichache. Majaribio manne kwa mwaka yaliyopewa vipindi viwili vitatu kila moja ni bora kuliko kumi na mawili ya kukimbizana na kengele. Mwanafunzi aandike kwa kalamu ya wino, kabla ya swichi kufungwa, anachotegemea kuona na kwa nini. Wino una maana: penseli hufutika, na utabiri unaofutika haumuumizi mtu. Ufundi wa kifaa ufundishwe mapema na peke yake, ili siku ya jaribio akili isishughulike na koki. Alama zitolewe kwa namna alivyoeleza tofauti kati ya 9.2 yake na 9.8 ya kitabu. Aliyeeleza vizuri na apate zaidi ya aliyepata 9.8 bila maelezo. Na msaada upungue jinsi mwanafunzi anavyokua kwenye somo, kwa sababu maelekezo yanayomwokoa mgeni humfunga mwenyeji.

Najua kinachokwamisha. Mtihani wa mwisho haulipi kazi hiyo, na mwalimu anapimwa kwa mtihani. Uingereza ilijaribu kulitatua hili kwenye mageuzi ya A-level, mitihani ya kumaliza sekondari ya juu, yaliyoanza kufundishwa 2015: umahiri wa maabara sasa hutolewa hukumu yake kando, kufaulu au la, bila kuingia kwenye daraja la somo. Waliotetea walisema alama za vitendo zilizotolewa shuleni zilikuwa zimerundikana juu, hazitofautishi mwanafunzi na mwanafunzi. Waliopinga waliogopa kwamba kisichoingia kwenye daraja kitadharauliwa. Mimi hofu hiyo naielewa, ila alama iliyorundikana juu nayo ni aina nyingine ya kupika matokeo, safari hii na mwalimu. Na ukipunguza majaribio ili yafanywe vizuri, lazima mada fulani zipewe muda mfupi zaidi. Uamuzi wa mada ipi iumie hauko mikononi mwa mwalimu wa darasa, ingawa lawama humfikia yeye.

Turudi mezani, kwa wale walionyamaza. Wakipewa muda, mmoja wao huinua mkono na kuuliza: kama mkondo unaotoka kwenye balbu ni sawa na ule ulioingia, mbona betri huisha? Ammita haiwezi kumjibu. Sasa ni zamu ya chaki, na pengine kipindi kizima.