Nilivyoning'inia Gikomba Mchana Kweupe

Haya, kwa kuwa yule rafiki yangu mwenye mdomo kama spika ya matatu ameshawaambia kwamba nilirushwa na mkokoteni, acheni niseme mwenyewe. Sikurushwa. Nilinyanyuliwa. Kuna tofauti.

Mzee wa karakana alinituma Kamukunji, Nairobi, kuchukua shafti tatu za chuma, kipenyo milimita 100, urefu mita 2 kila moja, za roli za mashine ya kukunja bati. Na mimi siendi sokoni kama mbumbumbu, napiga hesabu kwanza. Simu ilikuwa bado na hesabu ya fremu za madirisha ya alumini, nikabadilisha vipimo tu. Kilo 42 kila moja.

(Mafundi tayari mmeshika vichwa. Ndiyo, alumini ni kilo 2,700 kwa mita moja ya ujazo na chuma ni 7,850. Tulieni, nafika huko.)

Kila shafti ilikuwa imeandikwa 123 kwa chaki kwenye kichwa chake. Nikajua ni namba ya stoo. Vijana wa pale wakazipakia kwenye mkokoteni wakihema, nami nikasema moyoni, vijana wa siku hizi hawali ugali.

"Zisukume nyuma," nikamwambia hamali, "mbele tuweke mikebe ya rangi."

"Mkubwa, nyuma italemea."

"Kilo 42 ilemee nini? Mimi ndiye fundi hapa."

Akaitazama ile chaki, akanitazama mimi, akanyamaza. Mtu na heshima zake.

Tukafika soko la Gikomba upande wa samaki, penye kamwinuko. Ndala yake ikakatika. "Shikilia hapa mkubwa, usiachilie." Nikashika mipini yote miwili kiume. Nyuma, shafti moja ikateleza kidogo tu. Mipini ikaanza kupanda. Polepole, kwa adabu. Visigino vikaacha lami. Nikajipa moyo, nina mwili wangu bwana. Vidole navyo vikaaga. Hapo ndipo akili ilipoamka: 123 mara 3 ni 369. Karibu kilo 370! Hesabu safi kabisa, naipiga nikiwa hewani, shati limepanda hadi kifuani, kitambi kinasalimia stendi nzima. Kiatu kimoja kikadondoka.

"Huyo wa juu, nauli ni ile ile!" makanga akapaza sauti.

Mama mmoja: "We kijana, shuka utaumia!" Kana kwamba nilipanda kwa hiari.

Na kwa nini sikuachilia? Niliambiwa nisiachilie.

Kisha shafti zikatoka: ngo! ngo! ngo! Mipini ikarudi chini kwa kasi, nami nikatua kwa makalio katikati ya turubai la omena. Hamali akaja kuniinua, ndala mkononi: "Mkubwa, chuma cha mviringo ni kipenyo mara kipenyo: mia mara mia, gawa kwa 162. Karibu kilo 62 kwa mita. Hizi tunabeba kila siku."

Mengine ni ya haraka: mkebe wa rangi ulipasuka, hamali akapandisha bei nami nikalipa bila kufungua mdomo, mzee akanikata hela ya rangi. Omena nayo ilibidi niinunue yote niliyoikalia. Ipo hapa, gorogoro kadhaa, ina kamchanga kidogo. Anayetaka anitumie ujumbe, bei tutaelewana.