Benki ya Dunia na pensheni: kosa lilijulikana mapema, ushauri ukachelewa

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1994 iliongoza mageuzi ya pensheni katika nchi nyingi kwa zaidi ya miaka kumi. Ilishauri nguzo tatu: pensheni ndogo ya serikali, akaunti ya lazima ya kila mfanyakazi chini ya kampuni binafsi, na akiba ya hiari. Mfano ulikuwa Chile, ambako tangu 1981 mfanyakazi alikatwa asilimia 10 ya mshahara kwenda kwenye akaunti yake, na mwajiri akaondolewa wajibu wa kuchangia.

Kinachonikera ni kwamba kasoro zake zilitajwa humohumo ndani ya Benki. Septemba 1999 Joseph Stiglitz, akiwa bado mchumi mkuu wake, aliwasilisha pamoja na mchumi mwenzake Peter Orszag hoja kumi za kupinga imani zilizozoeleka kuhusu akaunti hizo. Chukua suala la ada tu. Msimamizi akitoza asilimia 1 ya akiba yote kila mwaka, mtu aliyechangia miaka 40 hupoteza karibu moja ya tano ya fungu lake la uzeeni.

Na ada haikuwa mzigo mkubwa kuliko gharama ya mpito. Tazama Poland. Kuanzia 1999, katika mchango wa uzeeni wa asilimia 19.52 ya mshahara, asilimia 7.3 ilihamishiwa mifuko binafsi. Lakini wastaafu waliokuwapo walitakiwa kulipwa mwezi uleule. Mfuko wa umma ukabaki na pengo, serikali ikaliziba kwa kukopa, na wanunuzi wakubwa wa hati fungani zake wakawa mifuko hiyohiyo binafsi. Fedha ya mfanyakazi ikazunguka na kurudi serikalini ikiwa deni lenye riba, huku msimamizi akikata ada yake njiani. Mwaka 2011 asilimia 7.3 ilishushwa hadi 2.3. Februari 2014 asilimia 51.5 ya mali za mifuko hiyo ikarudishwa kwenye mfuko wa umma. Argentina ilikwisha kuzirudisha zote mwaka 2008, na Shirika la Kazi Duniani lilihesabu mwaka 2018 kwamba katika nchi 30 zilizobinafsisha pensheni, 18 zilikuwa zimegeuka, nyingine nusu, nyingine kabisa.

Benki ilibadilika kwa kuongeza. Mwaka 2005 nguzo zikawa tano, mojawapo ikiitwa nguzo sifuri: pensheni inayolipwa kutokana na kodi kwa mzee asiyewahi kuchangia. Hilo ni zuri, nalipongeza. Ila nguzo yenye ufa iliachwa imesimama, na bili ya ushauri wa kwanza ikabaki kwa walipa kodi wa nchi zilizoufuata. Anayeshauri bila kulipa hasara husikia kengele kwa kuchelewa. Chile yenyewe ilileta pensheni ya mshikamano mwaka 2008, na sheria ya 2025 imemrudisha mwajiri kwenye kuchangia.

Kwetu, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi Sh 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya serikali. Kiasi hicho cha mwanzo kilikuwa kidogo, lakini pensheni hiyo inamfikia mvuvi na mkulima wa karafuu ambao hawakuwahi kukatwa mchango wowote wa mshahara. Akaunti binafsi ingewaacha nje.

Kwa hiyo washauri wakija wizarani na mpango mpya, waombwe kwanza jedwali la mpito la mwaka hadi mwaka: shilingi ngapi zinatoka kwenye mfuko wa umma, nani anawalipa wastaafu wa sasa, mkopo ni wa riba gani. Ada ioneshwe kama asilimia ya akiba yote, kwa sababu ikioneshwa kama asilimia ya mchango wa mwezi hudanganya macho. Kisha waulizwe wamekadiria mchangiaji atachangia miezi mingapi kwa mwaka. Wakijibu 12, wapewe takwimu za mama ntilie, vibarua na madereva wa bodaboda, wakapige hesabu upya.