Hela ya Dokta Imeingia?

Mimi ni wakala wa pesa hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nina kibanda, mwavuli, kiti cha mteja na kalamu sikioni. Ni kazi ya heshima. Lakini tangu mtoto wa kaka yangu aende Uingereza kufanya kazi ya udaktari, sina wateja tena, nina ndugu. Leo sijafungua hata kufuli, shangazi keshakaa kwenye kiti, kitenge kakikaza kiunoni kama mtu anayesubiri ugomvi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hela ya dokta imeingia?"

Hakuna habari za asubuhi, hakuna watoto hawajambo.

Sasa dokta mwenyewe alinipigia jana usiku. "Baba mdogo, naomba uwaeleze nyumbani. Nikisema mimi wanasema nimebadilika." Akanisomea mpango wake wa fedha, nikauandika nyuma ya daftari la miamala. Nikaona nianze na shangazi. Yeye akikubali, ukoo mzima umekwisha. Nikavaa miwani.

"Shangazi, huyu kijana kaanza kutoa kabla ya kupokea. Kwanza alilipia mtihani wa Kiingereza."

"Kiingereza gani? Si ndicho alichosomea huo udaktari?"

Hapo alinibana, maana hata mimi sielewi. Mtu kasoma Muhimbili miaka mitano, vitabu Kiingereza, mitihani Kiingereza, halafu anaambiwa alipie aonyeshe kwamba anakijua, na asipofikisha 7.5 kati ya 9 akae pembeni. Matokeo yenyewe yanachacha baada ya miaka 2. Ukitoka hapo kuna PLAB, mitihani miwili ya kupimwa udaktari. Wa kwanza unaweza kuufanyia nchi nyingine, wa pili ni mpaka Manchester, kwa nauli yako na chumba chako, na ukifeli unalipa upya. Tena kule wanamwita daktari aliyesomea ng'ambo. Ng'ambo yenyewe Upanga, hapo Dar, Muhimbili ilipo!

"Hayo yamepita," shangazi akasema. "Sasa hivi anapokea."

"Anapokea, ila kuna kodi. Pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka serikali haizigusi. Zinazozidi hapo, mpaka 50,270, inakata asilimia 20. Juu ya hapo inakata 40."

Shangazi akafumba macho. Huyu mama saa ya ukutani haisomi, lakini anajua pauni moja ni zaidi ya elfu tatu.

"Hizo elfu kumi na mbili na kitu, serikali imeziacha?"

"Imeziacha."

"Imemwachia nani?"

"Dokta. Aishi."

"Aishi na hizo zilizokatwakatwa. Zilizoachwa ni zetu. Serikali ya watu imeona mtoto ana kwao, ikatuwekea pembeni, halafu nyie wawili mnazila kimyakimya?"

Nikameza mate, nikaruka mstari. Nikamwambia kule hata mpangaji analipa kodi ya halmashauri. Akashtuka kweli: "Halmashauri wapo mpaka Ulaya?" Kwa mara ya kwanza akamwonea mjukuu huruma. Ningeishia hapo. Lakini mpango ni mpango, nikasoma makato ya pensheni.

"Pensheni ya nani?"

"Yake. Akizeeka."

"Mtoto wa juzi anajiwekea uzee! Na sisi ambao tumeshazeeka tayari, tunakaa tunamwangalia?"

Vijana wa bodaboda wakapiga makofi. Mmoja akazima pikipiki asikie vizuri.

Nikahamia kwenye nyumba. Mwenye nyumba kule anaweza kutaka dhamana ya kodi ya wiki tano, na kodi ya mwezi umpe kabla hujaingia, wakati mshahara wa kwanza unausubiri mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo dokta anawaambia wenzake wanaomfuata wafike na akiba ya miezi mitatu, gari lisubiri, na nyumbani wasitume kitu mpaka wasimame sawa. Hiyo ya kutotuma sikuisoma. Nina watoto wananitegemea.

"Halafu benki, shangazi. Mkopo wa maana hapati, maana hana historia ya madeni kule. Hajawahi kudaiwa, basi hawamwamini."

Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mwambie anipeleke mimi! Muulize mwenye duka pale kona. Muulize mama wa mawese. Waulize kikoba cha Katubuka, mwenyekiti akiniona anavuka barabara. Na wewe si unanidai?"

Namdai. Ana ukurasa wake.

Hapo kalamu ikanidondoka. Jamani, mimi nakosa nini? Hela ikija, napanga foleni benki kutafuta floti, nawapigia wote, natoa kwa kamisheni ambayo hata soda hainunui, halafu shemeji wa Gungu anatangaza msibani kwamba nakula nusu. Mjomba wa Ujiji anataka pampu ya maji. Binamu wa Kasulu katuma picha ya pikipiki, hajaandika neno lolote, picha tu. Na dokta analala mchana kwa sababu usiku yuko zamu, akizima simu wananiuliza mimi kama kaoa Mzungu. Nitajuaje?

"Umemaliza?" shangazi akauliza. "Haya, nipe elfu ishirini. Ikiingia ujikate."

Nikampa kumi. Kaipokea kwa masikitiko, kana kwamba mimi ndiye nakopa.

Na elfu kumi siku hizi inafika wapi? Tangu Ziwa Tanganyika lifungwe kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024 ili samaki wazaliane, kila muuzaji anakuambia dagaa wamekuwa adimu. Walioambiwa wazaliane sijui waliishia kuchumbiana tu. Juzi nimeteremka Kibirizi nikauliza bei ya kilo. Mama akanitajia, akaniangalia vizuri, akauliza, "Wewe si ndiye mwenye dokta Ulaya?" Akataja bei nyingine.