Tairi kubwa kwenye Canter za Goma: tatizo si kimo, ni pengo

Mvua zikichachamaa, kwenye vibanda vya matairi vya Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia mtaa wa Birere hadi Ndosho, husikika ombi lilelile: toa tairi la saizi ya 7.00, weka 7.50. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuulizia 8.25. Wanaoomba ni madereva na wenye Canter, Dyna na vilori vingine vya aina hiyo, mbele tairi moja kila upande, nyuma mbili mbili. Ndivyo vinavyoingiza mjini viazi, maharage na makala (makaa), kisha vikarudi milimani na sukari, saruji na mabati. Ombi lao si la kipuuzi. Ila sababu wanayoitaja zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote, na hatari iliyo kubwa zaidi hakuna anayeigusa.

Sababu inayotajwa ni kimo. Barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi ikilowa, malori makubwa huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Kilori kikiingia humo, difu, ile bonge ya gia iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, inalima tuta. "Patron, gari inakaa chini sana," dereva atamwambia mwenye gari, na mwenye gari, ambaye mara ya mwisho kulala njiani ni zamani, atakubali kwa kuwa dawa yenyewe inaonekana kwa macho: tairi refu zaidi.

Tupige hesabu. 7.00R16, yaani 7.00 ya rimu ya inchi 16, ina kipenyo cha milimita 775 hivi. 7.50R16 ina kama 805. Ukizisimamisha ukutani bega kwa bega, unaona wazi sentimita tatu za ziada, na hapo ndipo wengi wanaposhawishika. Lakini ekseli imepita katikati ya gurudumu, kwa hiyo difu haipandi sentimita tatu. Inapanda nusu yake, yaani moja na nusu. Sasa tazama kinachotokea kibandani. Gari lililokuja kubadilishiwa saizi lilikuwa limevaa 7.00 zilizokwisha meno kabisa. Meno ya tairi jipya la kazi ya matope yanafika milimita 12 au 13. Maana yake mwenye gari angenunua 7.00 mpya tu, difu ingepanda karibu sentimita nzima bila kugusa saizi. Sifa nyingi ninazosikia zikipewa 7.50 ni sifa za tairi jipya.

Hoja ya kimo tuiache hapo. Hoja yenye nguvu ni nyingine, na kwa haki ya wanaotetea tairi kubwa lazima isemwe vizuri. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, ambazo ni alama za mzigo ambao tairi linaruhusiwa kubeba. Kwenye 7.00R16 nyingi za nyuzi 14 (kipimo cha uimara wa tairi) utasoma 118/114, kwenye 7.50R16 nyingi za daraja hilohilo, 122/118. Namba ya kwanza ni ya tairi likikaa peke yake, ya pili ni ya tairi likiwa pacha, yaani limefungwa pamoja na mwenzake upande mmoja. 114 ni kilo 1180, 118 ni kilo 1320. Pacha hupewa namba ndogo kwa sababu matairi mawili hayagawani mzigo sawasawa: barabara imeinama, moja lina upepo kidogo, jingine limekwisha zaidi. Kwa matairi manne ya nyuma, 7.00 zinaruhusu kilo 4720 na 7.50 zinaruhusu 5280. Hiyo ni tofauti ya kilo 560, na kila aliyewahi kusimama sokoni Virunga magari yakishusha viazi anajua kwamba kilo hizo hazingojei ruhusa. Zinapakiwa hata kwenye 7.00.

Kuna na jambo la mawe. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Ile ya Mei 2021 ilikata barabara ya kwenda Rutshuru. Jiwe hili halifanani na changarawe ya mto iliyolainishwa na maji. Lina matundu na kingo kali, na tairi lililojazwa upepo hadi likawa gumu linapolikanyaga, jiwe huingia. Tairi kubwa lina hewa nyingi zaidi ndani, hivyo linabeba mzigo uleule kwa upepo mdogo zaidi. Likiwa laini kidogo, linajikunja juu ya jiwe na kuliacha nyuma. Dereva wa njia ya Masisi anayesema 7.50 zake hazipati pancha kama zamani hasemi uongo. Na kusimama kubadili tairi kwenye baadhi ya njia zetu si suala la kuchafua nguo tu. Kuna mahali ambapo hakuna mwenye akili anayetaka kukutwa gari liko juu ya jeki saa kumi na mbili jioni.

Sasa upande wa pili, na hapa nitakaa zaidi, maana ndipo magari yanapoharibika.

Matairi pacha yamefungwa kwenye rimu mbili zilizokutana migongo. Umbali kutoka katikati ya tairi la ndani hadi katikati ya la nje umewekwa na umbo la rimu zenyewe. Haubadiliki kwa kubadili tairi. Tuseme kwenye gari fulani umbali huo ni milimita 230. 7.00 ina upana wa milimita 200 hivi, kwa hiyo kati ya mbavu mbili kuna pengo la milimita 30. 7.50 ina upana wa kama 215. Pengo linabaki 15. Hapo gari ni tupu, limesimama kibandani, fundi anapitisha vidole vyake katikati na kusema iko sawa.

Pakia tani tatu. Mbavu zinavimba chini, pale tairi linapogusa ardhi, na kila tairi linavimba kuelekea mwenzake. Punguza upepo ili mawe yasitoboe, zinavimba zaidi. Ndiyo kusema faida kubwa ya 7.50, ile ya kutembea na upepo mdogo, ndiyo inayoziba pengo ambalo 7.50 yenyewe ilikuwa imeshalipunguza. Ukiichukua faida yote, mbavu zinagusana. Ukiepuka kugusana kwa kujaza upepo hadi juu, umenunua tairi kubwa ili ulitumie likiwa gumu kama lile dogo.

Mbavu zikigusana zinasagana kila mzunguko. Mpira unachujuka, nyuzi zinaonekana, joto linapanda. Watetezi watajibu kwamba kwetu hakuna mwendo: kilomita 25 hivi za Goma hadi Sake ukiwa na mzigo si barabara kuu ya Ulaya, na kwa kilomita 30 kwa saa joto halifiki mbali. Wana haki kwa kiasi. Joto la mwendo kasi si tatizo letu kubwa. Lakini msuguano hauhitaji kasi, unahitaji mizunguko tu, na ubavu wa ndani wa pacha ni mahali pasipotazamwa na mtu. Wengi hugundua siku tairi linapopasuka, na likipasuka la ndani dereva anaweza kwenda mbali bila kujua, la nje likibeba mzigo wa mawili. Ndiyo maana utingo mzuri hugonga matairi yote kwa chuma kila wanaposimama na kusikiliza. Lenye upepo linadunda, lililolala linanyamaza.

Tena kuna jiwe linaloingia katikati. Pengo likiwa pana, jiwe la ukubwa wa yai huanguka lenyewe. Pengo likiwa jembamba, jiwe dogo linabanwa hapo na kukaa, likichimba mbavu zote mbili, mpaka utingo alitoe kwa nondo. Likikataa kutoka kwa nondo, linaweza kuchomoka lenyewe gari likiwa kwenye mwendo, na mwendesha pikipiki aliye nyuma ndiye anayelipokea.

Dawa ipo, na si siri: rimu. 7.00 hukaa kwenye rimu ya inchi 5.5, 7.50 rimu yake ya kawaida ni ya inchi 6, na zipo zenye umbo linalosogeza matairi mbali zaidi. Anayebadili tairi pamoja na rimu amefanya kazi kamili. Anayebana chuma cha kutenganisha katikati ya rimu za zamani amefanya jambo jingine: skrubu ni zilezile, na sasa nati zinashika nyuzi chache zaidi za skrubu hizo. Kwa gari linalobebeshwa kupita kiasi na kuteremka milima, hilo mimi silitetei hata kwa bei ya bure.

Kosa linalofuata linatokana na mfuko zaidi ya ufundi. Watu hununua matairi mawili mawili, mengi ya okazioni (yaliyokwisha tumika), na kuyavalisha palipo na shida. Hapo utakuta nje 7.50, ndani 7.00. Kanuni ya matairi ya saizi hizi ni kwamba vipenyo vya pacha visitofautiane zaidi ya milimita 6. Hizi mbili zinatofautiana 30. Yamefungwa pamoja, lazima yazunguke pamoja, kwa hiyo refu linabeba karibu mzigo wote na fupi linaburutwa likisuguliwa na barabara. Mwenye gari anadhani ana matairi manne nyuma. Kazi inafanywa na mawili. Kama ni gari linalovuta kwa magurudumu yote, kuweka kubwa nyuma na kuacha ndogo mbele ni kuvunja gia za kugawa nguvu, suala la muda tu. Hesabu ya kweli basi ni matairi saba, sita na la akiba. Nafuu pekee ni tyubu: nyingi zinauzwa kwa saizi zote mbili, 7.00 na 7.50.

Nguvu na breki nizipitie haraka. Tairi lililoongezeka kipenyo kwa asilimia 4 linapunguza msukumo wa gurudumu kwa kiasi hichohicho, na breki vilevile. Kwa 7.50 dereva hataona sana, ingawa injini isiyo na tabo (turbo) tayari inapumua kwa shida kwenye kimo cha mita 1500, na Masisi ni juu zaidi. Kwa 8.25, yenye kipenyo cha 855 hivi, hali ni tofauti: mlima uliokuwa wa gia ya pili unakuwa wa kwanza, na kwenye mteremko mguu unalazimika kukandamiza zaidi kwa matokeo yaleyale. Kipima mwendo kikisoma 60, gari liko 66. Upana wake unazidi milimita 230, kwa hiyo kwenye mfano wetu pengo halipo tena hata gari likiwa tupu. Anayeweka 8.25 kwenye Canter ya kawaida bila kubadili rimu hana hoja ya kupimwa.

Marekani, ambako kuna pikapu zenye pacha nyuma kama Ford F-350 na Ram 3500, wamiliki hubishana juu ya jambo hilohilo, mara nyingi kwa ajili ya sura tu. Inafaa kuangalia kiwanda kinafanya nini. Ram 3500 za miaka ya karibuni zenye pacha hutoka na matairi ya LT235/80R17, upana milimita 235 na kipenyo milimita 808, karibu sawa na 7.50 yetu. Ndugu yake mwenye tairi moja moja nyuma hutoka na tairi la upana wa milimita 275. Gari la kubeba zaidi limepewa tairi jembamba zaidi. Wahandisi hawakukosa mpira. Walikuwa wanalinda pengo.

Wapo wanaosema basi tuondoe pacha, tuweke tairi moja kubwa kama malori ya kijeshi tuliyoyazoea mjini. Kwenye matope wana haki: tairi la nyuma linafuata njia iliyokwisha kufunguliwa na la mbele, wala hakuna jiwe la kubanwa. Lakini 7.50 moja inaruhusu kilo 1500 kila upande, tatu elfu kwa jumla, na hakuna kilori cha viazi kinachoridhika na hizo. Na likitoboka, gari linasimama palepale.

Kwa gari linalopanda Masisi kila wiki, 7.50 zote saba na rimu zake ni fedha iliyotumika vizuri, mradi mwenye gari asizigeuze zile kilo 560 kuwa magunia, kwa sababu springi na breki ni zilezile. Kwa gari la kusambaza saruji kati ya Katindo na Mugunga, 7.00 mpya zinatosha. Anayesitasita afanye hivi: apake chokaa kwenye mbavu zinazotazamana za matairi pacha, apakie mzigo wake wa kila siku, wala si ule wa kumwonyesha fundi, aende Sake na kurudi, kisha amulike tochi katikati. Chokaa ikiwa imefutika, hizo saizi ziondolewe kabla ya safari inayofuata, hata kama mwenye gari ameshazilipia.