Siku 90, Kisha?

Tulipouza ng'ombe wawili na kuitisha harambee ya ukoo, sote tuliamini tunamnunulia kaka yetu siku 90 za kupona. Alirudi kutoka rihabu, kituo cha kutibu ulevi, amenenepa, amenyolewa, anatutania tena. Wiki ya tatu akaanza kubishana na mtu asiyeonekana nyuma ya choo. Kabla ya mwezi kuisha, miguu ilikuwa imeikumbuka njia ya kwa mama pima, muuza pombe.

Kule rihabu walitibu pombe tu. Kidonge cha akili hakupewa hata kimoja. Na hospitali tuliyoanzia ilikuwa imetuambia aache pombe kwanza, ndipo watazame hizo sauti anazosikia. Mama alisema mtoto wake wamemgawana kama mbuzi wa harusi.

Jamaa zangu hawatapenda haya, lakini ile pesa tuliimwaga mahali pamoja, kwa pupa. Kumlaza mtu kunauma mfuko mara moja. Mwezi wa nne je? Na wa thelathini? Huko hakuna anayeitisha harambee.

Leo kinachomshikilia ni sindano ya kila mwezi, kwenye kliniki ya akili ya hospitali ya serikali hapa Nakuru. Dawa inatoka mwilini polepole kwa wiki kadhaa, kwa hiyo vita vya kutafuta vidonge chini ya godoro vimekwisha. Nauli yetu wawili kutoka Njoro pamoja na matibabu haifikii tulichokuwa tukilipa rihabu kwa siku mbili. Kuna miezi dawa haipo, tunatumwa tukanunue nje, na hapo ndipo ninapowakumbuka wale ng'ombe.

Kulazwa kuna wakati wake, na huo tuliukosea. Anayekunywa kila siku hakatizwi pombe ghafla nyumbani. Ndani ya siku chache anaweza kushikwa na kifafa, kuweweseka, hata kufa. Sisi tulimfungia chumbani siku mbili, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mjomba. Tulibahatika tu.

Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF ya zamani Oktoba 2024, asiye na mshahara hukadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima. Lipeni mgonjwa akiwa ametulia, msingoje usiku mmembana katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Na kabla ya kuweka amana popote, ulizeni kama wana mkataba na SHA, na daktari wa akili huja siku gani. Tulipojibiwa "tutampigia akihitajika", tuliondoka. Simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na ni ya bure. Eldoret nako, hospitali ya rufaa ya Moi ina kitengo cha akili na cha waraibu, usihangaike kati ya milango miwili kama sisi.

Wa maombi siwacheki. Mama huomba ndani ya matatu, siku ya kliniki, kwa sauti, hadi kondakta anaitikia amina.

Kaka hajaacha kabisa. Mwezi uliopita alikunywa mara mbili, na daktari akamwambia aje kwenye sindano hata akiwa amelewa. Alhamisi tunarudi. Ameniagiza soksi, eti benchi la kule asubuhi lina baridi.